Mikusanyo ya Doobie Brothers: wa 1976, wa 1981 au ule wa CD mbili?

Rafiki yangu mmoja alinipigia simu saa tano usiku. Alikuwa ameutafuta kwa muda mrefu wimbo uitwao "What a Fool Believes", hatimaye akapata CD yenye jina la kutia moyo, Best of the Doobies, akaisikiliza yote mpaka ikasimama. "Kaka, mbona wimbo wangu haumo?" Akageuza kasha, akanisomea majina yote kumi na moja, moja baada ya jingine, kana kwamba mimi ndiye ningemwonyesha lilipojificha. Haumo, nikamwambia. CD ile ni nakala ya santuri iliyotoka mwaka 1976, na wimbo anaoutaka bendi iliutoa miaka miwili baadaye.

Sikumshangaa. Bendi hii ina mikusanyo mingi, majina yake yanafanana kama mapacha, na kila mmoja unakuahidi nyimbo zilizo bora. Ukiifungua unakuta kila mmoja umebeba bendi yake. Nimekaa na mikusanyo hii miaka mingi, kwanza kwenye kaseti, kisha CD, na sasa kwenye simu. Nitaipitisha yote kwenye vipimo vilevile, uchague mwenyewe.

Bendi moja, sauti mbili

Doobie Brothers walianzia San Jose, California, mwaka 1970. Si ndugu wa tumbo moja, na jina lenyewe limetokana na neno la mtaani la msokoto wa bangi. Mwimbaji mkuu wa mwanzo alikuwa Tom Johnston, kijana wa Visalia aliyekulia kwenye blues na kwenye sauti za akina Little Richard na James Brown. Pembeni yake alisimama Patrick Simmons, mpiga gitaa wa kudonoa nyuzi kwa vidole, mwenye mapenzi na nyimbo za kijijini za Marekani. Kuanzia 1972 nyuma yao walikaa wapiga ngoma wawili kwa wakati mmoja, na besi ikashikwa na Tiran Porter. Hao wapiga ngoma wawili msiwapuuze. Wao ndio wanaozifanya nyimbo za mwanzo ziende kwa uzito wa lori lililojaa na bado liko kasi.

Mwaka 1975, wakiwa ziarani, Johnston aliangushwa na vidonda vya tumbo. Jeff Baxter, mpiga gitaa aliyejiunga nao akitokea bendi ya Steely Dan, akashauri aitwe mtu aliyewahi kufanya naye kazi huko: Michael McDonald, mpiga kinanda na mwitikiaji, mzaliwa wa St. Louis, Missouri. Aliitwa kuziba pengo. Mwaka uliofuata wimbo wake ndio uliobeba jina la albamu. Johnston akaondoka 1977, na bendi ikaendelea na sauti nyingine kabisa mpaka ilipovunjika mwaka 1982. Walirudiana 1987, na mwaka 2020 wakaingizwa kwenye Rock and Roll Hall of Fame, ukumbi wa heshima wa muziki wa roki, watu wa zama zote mbili kwa pamoja.

Mazoea ya wengi ni kusema kwamba zama za Johnston ni roki na zama za McDonald ni soul, ule muziki wa Wamarekani weusi wenye hisia za kanisani. Sikubaliani nao hata kidogo. Soul iko pande zote mbili, imeingilia milango miwili tofauti. Kwa Johnston imeingia kwa mwili: mkono wa kulia juu ya gitaa, miguu, jasho. Kwa McDonald imeingia kwa kinanda cha kanisani na kwa nyimbo za Motown, kampuni ya Detroit ambayo miaka mingi baadaye, 2003, aliifanyia albamu nzima ya heshima. Ukishajua mlango unaokuvutia, nusu ya uchaguzi umeshaufanya.

Nitakavyopima

Kwa kila mkusanyo nitaangalia nani anaimba, soul imeingilia wapi, unasikilizika vipi ukikaa nao tangu mwanzo mpaka mwisho (maana mkusanyo uliopangwa ovyo ni gunia tu la nyimbo), kitu gani hakimo, na unamfaa nani. Habari ya mauzo naitaja mara moja, niiache: ule wa 1976 umeuzwa zaidi ya nakala milioni 10 nchini Marekani peke yake. Kwako wewe idadi hiyo ina faida moja. Santuri zake za mitumba ni nyingi, hivyo ndugu aliye Ulaya au Marekani hatahangaika kukupatia moja.

Best of the Doobies (1976)

Nani anaimba. Nyimbo ni 11, na zimechotwa kwenye albamu tano: tatu kutoka Toulouse Street ya 1972, nne kutoka The Captain and Me ya 1973, moja kutoka albamu ya 1974, moja kutoka Stampede ya 1975, na mbili kutoka Takin' It to the Streets ya 1976. Ukizihesabu kwa sauti, zaidi ya nusu ni za Johnston. Simmons ana zake, na McDonald ana mbili tu, ile iliyoipa jina albamu ya mwisho na "It Keeps You Runnin'". Kwa hiyo huu ni mkusanyo wa Johnston ambao mgeni ameshaingia mlangoni lakini hajapewa kiti.

Soul imeingilia wapi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoidhulumu bendi.

Sikiliza sekunde kumi za mwanzo za "Long Train Runnin'". Gitaa liko peke yake. Mkono wa kulia wa Johnston unakwenda juu na chini bila kupumzika, na mkono wa kushoto unazibana nyuzi, unaziachia, unazibana tena, kiasi kwamba nusu ya unachosikia ni noti na nusu ni mkwaruzo. Ule mkwaruzo ndio ngoma ya kwanza ya wimbo. Wanaozijua rekodi za James Brown watautambua mara moja, hata kama hapa umevikwa nguo za roki. Baadaye ngoma zenyewe zikiingia hazianzishi kitu, zinajiunga na safari iliyokwisha kuanza. Wimbo huo bendi iliupiga jukwaani kwa muda mrefu kama mchezo wa kujipashia moto, hauna maneno ya maana. Prodyuza wao Ted Templeman ndiye aliyembana Johnston akae chini auandikie maneno, na Johnston akaandika habari za treni na za Lucy, mwanamke aliyepoteza makazi na jamaa zake. Hata harmonika unayoisikia mle ndani ni yake.

Kisha kuna "Take Me in Your Arms". Wimbo huo ni wa Motown halisi, umetungwa na Holland, Dozier na Holland, na Kim Weston aliuimba miaka kumi kabla ya Doobies. Johnston hakujaribu kuuficha utokako. Ameuimba kwa nguvu ya mtu anayelipa deni. Na "Jesus Is Just Alright", ambao watu wengi hudhani ni wimbo wa roki tu, ulianza kanisani: Art Reynolds aliutunga akiwa na kwaya yake ya injili katika miaka ya 1960, ukapitia kwa bendi ya Byrds, ndipo ukafika kwa hawa. Sikiliza waitikiaji, kisha uniambie kama hujaisikia Jumapili.

Unasikilizika vipi. Vizuri sana. Ni zaidi kidogo ya dakika 40, na aliyezipanga nyimbo hakufuata miaka, alifuata sikio. Inaanza "China Grove" ya 1973, gitaa linagonga mlango na piano ya Bill Payne wa bendi ya Little Feat inakimbia chini yake. Inafuata treni. Halafu, kwenye wimbo wa tatu tu, inakuja sauti ya McDonald ya 1976, nzito, yenye moshi. Msikilizaji asiyejua historia atadhani ni mtu yuleyule amebadilisha chumba. Upande wa kwanza wa santuri unafungwa na "Black Water" ya Simmons, na kama kuna kitu kimoja ningependa ukisikilize kwa hedifoni, ni hicho. Kuelekea mwisho vyombo vinanyamaza kimoja kimoja na kuziacha sauti za watu peke yake, kundi moja linaimba mstari wake, la pili linapita juu yake na mstari mwingine, mpaka unajikuta hujui uufuate upi. Mimi huufuata wa chini.

Historia ya wimbo huo inanifurahisha kila nikiikumbuka. Mwaka 1974 uliwekwa nyuma ya singo ya "Another Park, Another Sunday", upande ambao hakuna aliyeutarajia. Redio ya Roanoke, Virginia, ikaupenda na kuupiga mara kwa mara, miji mingine ikafuata, na Machi 1975 ukashika namba 1 kwenye chati ya Billboard, jarida la muziki la Marekani. Ndiyo mara ya kwanza kwa bendi hii kufika hapo.

Kitu kimoja kwa wanunuzi wa santuri za mitumba: kwa kuwa "Black Water" ndio wimbo wa mwisho wa upande wa kwanza, uko karibu na kitovu cha sahani, mahali ambapo mifereji inabanana na sindano mbovu huharibu kwanza. Ukienda kununua, omba ujaribishiwe wimbo huo, tena ile sehemu ya sauti tupu. Ikiwa inachakacha pale, iache.

Kitu gani hakimo. Wimbo wa rafiki yangu, bila shaka, na kila kitu cha baada ya 1976. Lakini hata cha kabla yake kimeachwa: albamu ya kwanza kabisa ya 1971 haina wimbo hata mmoja humu, na "Another Park, Another Sunday", wimbo wa huzuni wa Johnston uliobeba singo ile, umeachwa nje wakati "Black Water", uliokuwa nyuma yake, umepewa nafasi. Hilo linaniuma mpaka leo.

Unamfaa nani. Mtu wa gitaa. Mtu wa safari ndefu ya barabarani. Mtu anayependa muziki ambao hata ukifanya kazi za mikono unakusukuma. Pia mtu anayetaka kuanza na kitu kimoja kilichotengenezwa kama albamu, ambacho hakihitaji uruke wimbo.

Best of the Doobies, Volume II (1981)

Nani anaimba. McDonald, karibu peke yake, huku Simmons akipewa nafasi za hapa na pale. Johnston hayumo. Nyimbo ni 10 na zimetoka albamu tatu tu: tatu za Livin' on the Fault Line ya 1977, nne za Minute by Minute ya 1978, tatu za One Step Closer ya 1980.

Soul imeingilia wapi. Mlangoni kabisa. Wimbo wa kwanza ni "Little Darling (I Need You)", na huo pia ni wa Holland, Dozier na Holland. Aliyeuimba mwanzo ni Marvin Gaye, miaka ya 1960. Weka wimbo huu karibu na "Take Me in Your Arms" wa mkusanyo wa kwanza na utapata darasa zima: watunzi walewale wa Detroit, bendi ileile ya California, waimbaji wawili. Johnston anausukuma wimbo kwa bega. McDonald anaukalia, anaulegeza, anauchelewesha nyuma ya ngoma. Hakuna aliyekosea.

Wa pili ni "Echoes of Love", na kwenye majina ya watunzi, pamoja na Simmons, yumo Willie Mitchell wa Memphis, yule aliyetengeneza rekodi kubwa za mwimbaji wa soul Al Green. Jina hilo peke yake linakuonyesha bendi ilikuwa inatazama wapi.

Na sasa "What a Fool Believes". McDonald aliutunga na mwimbaji Kenny Loggins, ambaye aliutoa mwenyewe mwaka 1978 kabla ya toleo la Doobies kuvuma. Aprili 1979 ukawa namba 1, na kwenye tuzo za Grammy za mwaka uliofuata ukachukua rekodi ya mwaka na wimbo wa mwaka. Kinachonishika ni hiki: beti anaziimba kwa sauti yake ya kifuani, maneno mengi yamebanana kama mtu anayejieleza mbele ya mwanamke asiyemsikiliza, na kiitikio kikifika sauti inapanda yote kichwani, nyembamba, karibu kukatika. Habari yenyewe ni ya mwanamume anayeamini kwamba mapenzi ya zamani yalikuwepo, kumbe yalikuwa kichwani mwake. Sauti inakwenda hukohuko. Kinanda kinarudiarudia mdundo uleule bila kumhurumia. Aretha Franklin naye aliurekodi mwaka 1980, na malkia wa soul akichukua wimbo kutoka kwa bendi ya roki sidhani kama unahitaji ushahidi mwingine.

Unasikilizika vipi. Kwa ulaini, pengine kwa ulaini kuliko inavyofaa. Ni chini ya dakika 40, mwendo wa nyimbo nyingi unakaribiana, na kinanda ndicho chenye nyumba. Ukiusikiliza ukiwa umekaa, taa zimepunguzwa, ni mkusanyo mzuri ajabu: "Minute by Minute" inaufunga kwa kinanda ambacho mwanzoni kinakupoteza hesabu, hujui mguu wa kwanza ni upi, kisha ngoma zinaingia na kila kitu kinakaa mahali pake. Lakini ukiuweka kama muziki wa nyuma, nyimbo zitaanza kuyeyukiana. Sikulaumu ukisema hivyo. Mimi mwenyewe ilinichukua muda kuutofautisha "One by One" na "Here to Love You".

Kitu gani hakimo. "Takin' It to the Streets", kwa sababu ulishatumika kwenye mkusanyo wa kwanza. Huu ndio upungufu mkubwa wa Volume II: wimbo uliomtambulisha McDonald, wenye kinanda cha kanisani na ujumbe kwa wanaosahauliwa mitaani, uko kwenye kasha jingine. Anayenunua huu peke yake anamsikia McDonald akiwa tayari nyota, hamsikii akibisha hodi.

Unamfaa nani. Mpenzi wa soul asiye na haja na magitaa makubwa. Mwimbaji wa kwaya anayetaka kusikia sauti zinavyopangwa juu ya nyingine. Mpiga kinanda anayejifunza, bila swali. Utatoka na kazi ya mwaka mzima ya kufanyia mazoezi. Na mtu aliyependa wimbo mmoja wa McDonald redioni, akataka zaidi ya hicho.

The Very Best of The Doobie Brothers (CD mbili, 2007)

Nani anaimba. Wote. Johnston, Simmons na McDonald wamekutana kwenye kasha moja, na ndiyo sababu ya kuwepo kwake.

Soul imeingilia wapi. Milango yote miwili imefunguliwa kwa pamoja, na hapa ndipo unapoweza kujionea hoja niliyoanza nayo. Cheza "Long Train Runnin'", mara ukimaliza cheza "Minute by Minute". Mwanzoni utasema hawa ni watu wawili wasiojuana. Rudia. Sikiliza chini, kwa Tiran Porter. Besi ya zote mbili ni yake, na mtindo wake wa kuacha nafasi tupu pale unapotarajia noti ndio kamba iliyozifunga zama mbili. Waimbaji walibadilishana, vinanda vikachukua nafasi ya magitaa, yeye alikuwa palepale tangu 1972 mpaka 1980.

Unasikilizika vipi. Kwa vipande. Sijawahi kuumaliza kwa ukaaji mmoja. CD mbili ni nyingi kwa bendi yoyote, na kuna sehemu ambazo nyimbo za kati zinajaza nafasi tu. Huu ni wa kuchovya, leo hapa, kesho pale.

Kitu gani hakimo. Upungufu wake ni wa namna nyingine: umbo. Ule wa 1976 una mwanzo, katikati na mwisho. Huu una orodha. Asiyetaka mzigo wa CD mbili ajue upo pia wa CD moja uliotoka 2001, unaitwa Greatest Hits, nao umechanganya zama. Na kama unautafuta "The Doctor" wa mwaka 1989, uliowarudisha kwenye kumi bora za Billboard baada ya kurudiana, usiutafute kwenye ile miwili ya zamani. Angalia kwenye hii ya karne hii, na usome orodha ya kasha kabla ya kutoa pesa.

Unamfaa nani. Familia yenye wasikilizaji wa rika tofauti. Mtu anayenunua mara moja tu. Mtu wa redio au wa shughuli anayehitaji nyimbo zote ziwe karibu.

Na ule mkubwa?

Lipo kasha la CD nne, Long Train Runnin': 1970–2000, la mwaka 1999. Sitalipima kwa vipimo vile kwa sababu si la mtu anayechagua pa kuanzia. CD ya nne ina rekodi ambazo hazikuwahi kutolewa, na hizo zina utamu kwa yule tu anayezijua tayari zile zilizotolewa. Lisubiri.

Onyo kwa wanaosikiliza mtandaoni

Ukiandika jina la wimbo kwenye simu, mara nyingi yatakuja matoleo ya jukwaani kabla ya lile la studio. Bendi imerekodi maonyesho yake mengi, na nyimbo hizi hurefushwa sana jukwaani. Si mabaya, lakini siyo uliyoyasikia redioni. Njia rahisi ya kujua ni kutazama urefu: "What a Fool Believes" ya asili haifiki dakika nne, na "Black Water" inazipita nne kwa sekunde chache. Ukiona dakika sita au saba, hapo uko uwanjani na watu wanapiga makofi. Tafuta kwa jina la mkusanyo, pakua wote ukiwa na bando la kutosha au kwenye Wi-Fi, ndipo uingie nao barabarani.

Kwa hali yako

Kama kilichokuleta ni gitaa, au ulisikia "Listen to the Music" mahali ukashindwa kukaa kimya, chukua wa 1976. Usiongeze kitu kwa miezi miwili. Ukiona "Takin' It to the Streets" na "It Keeps You Runnin'" ndizo unazorudia zaidi ya nyingine, hapo umeshajijibu, hatua yako inayofuata ni Volume II.

Kama kilichokuleta ni ile sauti ya McDonald, anza na Volume II, kisha tafuta "Takin' It to the Streets" peke yake uiweke mbele ya orodha. Ukifanya hivyo unapata mkusanyo ambao kampuni haikuutengeneza na ambao nadhani ni bora kuliko ilivyotoka: nyimbo 11, hodi kwanza, kisha nyumba nzima.

Kama unapenda soul ya Motown na Memphis na una shaka na bendi za roki, usianze na mkusanyo wowote. Anza na nyimbo tatu, "Take Me in Your Arms", "Little Darling" na "Echoes of Love", halafu uende upande ambao umekugusa.

Kama unanunua zawadi kwa mtu usiyejua ladha yake, CD mbili za 2007 hazitakuaibisha. Kama mtu huyo ana mashine ya santuri, mpe wa 1976 hata kama hujui ladha yake, lakini jaribu kwanza ule mwisho wa upande wa kwanza.

Na kama huamini mikusanyo kabisa, na wapo watu wa namna hiyo, The Captain and Me na Minute by Minute ni albamu mbili kamili zinazosimama zenyewe, moja kwa kila mlango. Pamoja hazizidi urefu wa filamu moja ya kawaida, na utasikia nyimbo zilizozunguka zile maarufu, ambazo hakuna mkusanyo unaozibeba zote.

Rafiki yangu wa saa tano usiku nilimwelekeza kwenye Volume II. Aliupata, na wimbo wake ulikuwamo, wa tano. Ile CD ya 1976 nilidhani ataigawa. Bado anayo. Anaiweka asubuhi wakati wa kupiga pasi, na siku hizi akinipigia ananiuliza habari za "South City Midnight Lady".